Miguu ya Tangawizi

Ilikuwepo, na hadi tunapozungumza bado ipo, nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha! Jina lake lilikosewa kwenye fomu ya kuomba uhuru, na fomu hiyo haijarudi kutoka Ofisi ya Masahihisho. Siku tukishajua tunaitwa nani, nitawaambieni.

Sisi watu wa nchi hiyo, maana na mimi nimo, msije mkadhani nacheka wenzangu, tulikuwa na desturi moja tuliyoipenda kuliko ngoma. Hatukujaza fomu, tulinakili. Mtu akipewa fomu hakuhangaika kusoma imemuuliza nini. Alikwenda kwa jirani ambaye fomu yake iliwahi kupita, akaazima nakala, akaifuata mstari kwa mstari, akabadilisha jina. Tulikuwa na msemo wetu: fomu iliyopita haina kosa. Kuna kijana mmoja wa bondeni alinakili fomu ya ndoa ya baba yake mdogo, akatoka kwa kadhi ana mke mmoja na watoto sita, wawili kati yao wakubwa kuliko yeye. Hakulalamika. Fomu ilipita.

Hata hadithi hii nilitaka kuianza kama nilivyosikia nyingine zikianza. Nikajizuia, na mmeona wenyewe nilivyobabaika.

Basi juu milimani, kwenye baridi na mawingu, alikaa Katibu Mahimbo. Alikuwa katibu wa Ushirika wa Wakulima wa Tangawizi, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Mfukoni alikuwa na kalamu tatu. Ya bluu ilikuwa ya barua, nyeusi ya fomu, na nyekundu hakuwahi kuifungua, kwa sababu nyekundu ni ya kusahihishia makosa, naye makosa hakuwa nayo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri wa kutosha kumfanya mtu akubali posa asiyoitaka. Yeye mwenyewe aliamini kwamba barua yake ikifika wizarani, wakubwa husimama kidogo.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Bi Zahabu, dada mkubwa wa mke wa Mahimbo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi, na kila gunia la ushirika alilishona kwa mkono wake mwenyewe. Ndiye pekee duniani aliyeweza kumwita Katibu "shemeji" mbele ya watu akapungua kimo.

Mwaka huo serikali ilitangaza motisha. Ushirika wowote utakaouza nje magunia mia tatu ya bidhaa kavu, na karatasi zake zikawa sawasawa, utapewa mtambo wa kukaushia. Kwa watu wa milimani hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mwaka uliotangulia mvua iliwahi, tangawizi ikaoza juu ya majamvi, wakachimba shimo wakaizika yote. Bi Zahabu alilia siku ile mbele ya kila mtu. Kisha akajipangusa kwa kanga, akasema mavuno ya mwaka huu yakioza tena, atang'oa mashina yote apande mikaratusi, na kila mtu ajue lake.

Kwa hiyo walikazana. Walianika na kuanua kila wingu lilipopita, wakatimiza magunia mia tatu na ishirini. Mahimbo akapewa kazi moja tu, ya kujaza Fomu Namba Saba.

Akaazima ya Mzee Kidagho.

Mzee Kidagho alikuwa jirani yake, mfugaji, na mwaka jana aliuza nje mbuzi. Fomu yake ilipita bila kuulizwa hata swali. Mahimbo akakaa barazani, mchana kweupe, akainakili kwa ule mwandiko wake. Pale palipoandikwa mbuzi akaandika tangawizi kavu. Pale palipoandikwa jina la Kidagho akaandika la ushirika. Yaliyobaki akayafuata kama yalivyo, akainua karatasi juu aitazame kwa mbali, akajipenda.

Bandarini, afisa wa forodha naye akatoa fomu ya mwaka jana iliyopita, akaona zinafanana, akagonga muhuri: IMEHESABIWA NA KUTHIBITISHWA. Mzigo ukaenda. Wanunuzi wa ng'ambo wakaupokea, wakausifu, wakaomba mwingine.

Lakini mtambo haukuja. Ikaja barua.

Bi Zahabu alimwita Mahimbo kwenye banda la mizani, wanawake wote wa ushirika wakiwepo.

"Shemeji, hebu nisomee hii. Macho yangu leo hayataki."

Mahimbo akasafisha koo. "Ombi lenu la mtambo wa kukaushia limekataliwa, kwa kuwa kwa mujibu wa fomu yenu, sehemu ya tatu, mzigo wenu ulikuwa wanyama hai."

"Wanyama gani?"

"Haijasema."

"Na fomu yenyewe hii hapa, wameirudisha. Nisomee hiyo sehemu ya tatu."

Mahimbo akaitazama. Jasho likaanza kumtoka, na huko ni kwenye baridi. "Idadi ya miguu: minne kila mmoja. Jumla elfu moja mia mbili na themanini."

"Miguu ya nani?"

"Ya... ya magunia."

"Endelea."

"Tabia: wapole, isipokuwa mmoja anapiga pembe."

Loo! Banda lilicheka mpaka mizani ikatikisika. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa. Bi Zahabu akauliza kwa upole, "Ni gunia lipi hilo, shemeji? Maana nimeyashona yote mimi, na hakuna lililonigusa."

"Mwanga ulikuwa hafifu," akasema Mahimbo.

"Saa saba mchana?"

"Kulikuwa na wingu."

"Ukiiga tembo kunya, utapasuka msamba," akasema Bi Zahabu, na sasa hakuwa anacheka. "Wameandika tuna wiki tatu za kurekebisha. Zikipita, mtambo unapewa watu wengine. Tangawizi nyingine iko shambani inasubiri kung'olewa, na mvua haisubiri mtu. Nenda karekebishe."

Mahimbo akaenda huku amebana kalamu zake tatu. Njia nzima alimlaumu Kidagho, akawalaumu mbuzi wa Kidagho, hasa yule mwenye kupiga pembe. Alipowamaliza hao, akailaumu serikali kwa kuandika maswali marefu. Safari ilikuwa ya saa tano na hakukosa mtu wa kumlaumu mpaka alipofika.

Ofisi ya Masahihisho ilikuwa jengo la ghorofa tano, na juu ya mlango wake kibao kikubwa: HAPA HATUKOSEI. Mahimbo alipokelewa na Bwana Lutengano, afisa mnene mwenye adabu nyingi, mbele yake kikombe cha chai kisichoisha.

"Karibu sana, mzee wangu. Tukusahihishie nini?"

Mahimbo akaeleza. Lutengano akasoma fomu, akageuza, akasoma muhuri.

"Mzee wangu, hapa pana muhuri wa bandari. Miguu imehesabiwa na kuthibitishwa. Unataka kusema afisa wa serikali alihesabu miguu elfu moja mia mbili na themanini isiyokuwepo?"

"Hapana, mkuu! Sithubutu."

"Basi ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mkuu, ila... tangawizi haina miguu."

"Haina sasa, au haikuwa nayo tangu mwanzo?" Lutengano akanywa chai. "Nakuuliza kwa wema. Kama haina sasa, hilo tunaliweza. Karatasi yenye muhuri haiguswi, lakini mzigo unaweza kubadilika. Niletee cheti cha daktari wa mifugo kwamba wanyama hao hawako hai tena. Asiyekuwa hai, tena amekauka, ni bidhaa kavu. Hapo motisha yako inafufuka."

Ningekuwa mimi ningebisha. Mahimbo hakubisha. Tena, kusema kweli, alitoka pale amefurahi, kwa sababu alikuwa amepewa utaratibu, na sisi ukitupa utaratibu hatuulizi unakwenda wapi.

Daktari wa mifugo aliitwa Chausiku, mwanamke aliyekuwa na foleni ya ng'ombe nje na haraka usoni. Mahimbo akamwekea kipande cha tangawizi mezani. Daktari akakitazama, akamtazama Mahimbo, akakitazama tena.

"Huyu amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Februari, daktari."

"Anakula?"

"Hali."

"Baba, mimi nina ng'ombe anazaa hapo nje, ametanguliza mguu. Nikikuandikia utaondoka?"

"Nitaondoka."

Akaandika: Nimempima. Hapumui. Chanzo cha kifo: kukaushwa. Akagonga muhuri, akakimbilia kwa ng'ombe wake. Mahimbo akaibusu karatasi ile njiani.

Lutengano aliisoma akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliye msibani. Lakini kabla hajagonga muhuri, simu ikalia. Akasimama kuipokea, hapo Mahimbo akajua anayepiga ni mkubwa. "Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo, miguu yote. Hapana, Mheshimiwa, hatujaigusa."

Akaketi polepole. "Mzee wangu, mambo yamekuwa makubwa. Hukusikia redio jana?"

Hakuwa amesikia. Jana Waziri wa Mauzo ya Nje alisimama bungeni akapaza sauti: "Ndugu Spika, wapo wanaouliza uchumi wetu umesimama juu ya nini. Nawajibu! Umesimama juu ya miguu elfu moja mia mbili na themanini, iliyovuka bahari kwa mpigo mmoja, kutoka milimani ambako wakoloni walituambia hapawezi kufugwa hata kuku!" Wabunge walipiga meza dakika nne nzima. Mmoja alisimama kwa hoja ya utaratibu, akaomba yule mmoja anayepiga pembe naye apongezwe.

"Sasa nikiiondoa hiyo miguu," akasema Lutengano, "Waziri atasimama juu ya nini? Lakini usihuzunike. Mtambo umeukosa, ila kwa wauzaji wa wanyama hai kuna motisha nyingine, tena kubwa zaidi. Nenda nyumbani. Mtaikuta."

Kweli waliikuta. Mahimbo alipofika alikuta lori, mafundi wanne, na shimo refu katikati ya uwanja wa kuanikia, maana milimani hapakuwa na mahali pengine palipo tambarare. Motisha ya wauzaji wa wanyama hai ilikuwa josho. Wiki nzima walichimba wakasakifu, wakajaza maji na dawa ya kupe mpaka juu, wakabandika kibao cha shaba, wakaondoka wanaimba.

Majamvi ya kuanikia yalikuwa yamekunjwa, yamerundikwa ukutani. Wanawake wa ushirika walisimama pembezoni mwa maji. Hakuna aliyecheka.

"Niliomba kitu cha kukaushia, shemeji," akasema Bi Zahabu. "Umeniletea bwawa."

"Ofisini walisema..."

"Sikuuliza walichosema ofisini. Nakuuliza wewe. Umekwenda huko mara mbili. Kuna mtu hata mmoja uliyemwambia ni wewe uliyekosea?"

Mahimbo akafungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi mazuri, na yote, alipoyatazama, yalikuwa ya mbuzi. Alimwona Bi Zahabu ameshika ncha ya kanga kama alivyoishika siku ile ya shimo la mwaka jana, na moyo ukamuuma sana. Mwandiko mzuri, kola inayosimama, kalamu tatu, halafu hata kusoma hakusoma! Alijiona mjinga, na ajabu ni kwamba alipojiona hivyo alipata nafuu kidogo.

"Sikumwambia mtu," akasema.

"Mficha uchi hazai. Zimebaki siku tano. Rudi ukaseme."

Akarudi. Lutengano akamkaribisha, akamuuliza kama josho limefika salama.

"Mkuu, nipe fomu ya masahihisho yenyewe. Nitaijaza."

"Ya nani nikupe uinakili?"

"Sinakili. Nitaisoma."

Lutengano alimtazama kama anayetazama mgonjwa, akampa. Mahimbo akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma mpaka la mwisho, na ilimchukua asubuhi nzima kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Mwishoni akakuta swali: Kosa hili ni la nani? Chini yake vilikuwepo visanduku vinne vya kuwekea alama. Cha kwanza, mvua. Cha pili, mtandao. Cha tatu, aliyekuwepo kabla yangu. Cha nne, maadui wa taifa. Katika historia yote ya nchi yetu, kila kosa lililowahi kutokea lilikuwa limelala katika visanduku hivyo vinne, linakoroma.

Mahimbo akaomba rula. Akachora kisanduku cha tano, akakinyoosha vizuri, maana unadhifu haukumwacha. Pembeni yake akaandika: Mimi, Mahimbo. Nilinakili bila kusoma. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akaifungua kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaweka alama.

Lutengano alipoona, chai ilimwagika mpaka kwenye soksi.

"Umeandika nini hapa?"

"Ukweli, mkuu."

"Nani kakutuma?"

"Shemeji yangu."

Lutengano akaichukua ile karatasi kwa ncha za vidole, akatoka nayo. Mahimbo akasikia milango ikifunguliwa ghorofa zote. Baadaye nyuso zikaanza kuchungulia. Akaja mkuu wa idara, akaja naibu mkurugenzi, akaja mkurugenzi mwenyewe na kitambaa bado kifuani, ametoka kula.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, bosi."

"Na anasema ni yeye? Peke yake?"

"Amesaini."

Mkurugenzi akamgusa Mahimbo begani kuhakikisha yupo. Mahimbo akafumba macho, akijua anakwenda jela. Kumbe, ndugu zangu, wale watu walikuwa karibu kulia kwa furaha! Kama kosa ni la Mahimbo, basi si la afisa wa bandari. Si la Lutengano. Si la mkurugenzi. Hata Waziri ametoka na mikono misafi, kadanganywa na katibu wa milimani. Miaka yote jengo zima la ghorofa tano lilikuwa linatafuta mwenye kosa, na leo amekuja mwenyewe kwa nauli yake.

Fomu ile iligongwa mihuri kumi na mmoja katika muda wa kumeza mate. Simu ikalia, Lutengano akasimama, akasikiliza, akasema, "Mheshimiwa anasema ahsante sana, na asirudie kuacha kunakili."

Mtambo ulifika siku ya nne, matone ya kwanza yakianguka. Wakausukuma chini ya banda, wakauwasha, na kufikia jioni harufu ya tangawizi inayokauka ilikuwa imejaa kijiji kizima na mvua inapiga mabati. Bi Zahabu alicheka peke yake, akalia kidogo, akacheka tena. Kisha akamchukulia shemeji yake sahani ya kwanza ya wali, yenye kipande kikubwa cha kuku. Josho likachukuliwa na bata wa Mzee Kidagho, na hawajawahi kupata kupe.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi njema. Lakini mnatujua.

Fomu ya masahihisho iliyopita kwa mihuri kumi na mmoja haikuwahi kuonekana kabla ya hiyo. Habari zikaenea. Wa kwanza kuja kuiazima alikuwa Mzee Kidagho. Kutoka kwake ikashuka bondeni, ikafika mjini, na pale nje ya Ofisi ya Masahihisho kibanda cha kutoa nakala kikaandika ubaoni: FOMU YA MAHIMBO IPO. Watu wakainakili mstari kwa mstari. Wale makini zaidi walinunua kalamu nyekundu.

Msimu uliofuata ikaja barua kwa Mahimbo, nene, ina lakiri. Safari hii aliisoma mwenyewe, kidole kwenye kila neno, Bi Zahabu amesimama mlangoni anasikiliza.

Iliandikwa kwamba katika mwaka mmoja serikali imefanikiwa kusahihisha makosa elfu kumi na nne, mia tatu na sita, na kwamba uchunguzi umegundua yote yalifanywa na mtu mmoja. Lipo daraja lililojengwa mahali pasipo mto: kosa ni la Mimi, Mahimbo, nilinakili bila kusoma. Ipo kalenda ya taifa yenye Aprili mbili: Mimi, Mahimbo. Wapo mbuzi sitini wa Mzee Kidagho waliosafirishwa kama tangawizi, wakafunguliwa ng'ambo jikoni: Mimi, Mahimbo. Ipo hotuba moja ya bungeni kuhusu miguu, na chini yake, kwa mkono wa Waziri mwenyewe, kwa wino mwekundu: Mimi, Mahimbo. Nilinakili bila kusoma. Kwa hiyo anatakiwa ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, ni kwa nini analiharibu taifa.

Mahimbo akaiweka barua mezani. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka kola ikalala. Bi Zahabu naye akacheka.

"Haya, shemeji, wajibu."

Mahimbo akapangusa macho, akapanga karatasi, akapanga kalamu zake tatu. Akafikiri. Halafu akainuka, akapiga magoti, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akaanza kupekua.

"Unatafuta nini humo?"

"Natazama tu," akasema Mahimbo bila kugeuka. "Kuna barua moja ya kujieleza, ya marehemu babu yangu. Ilikubaliwa."

Bi Zahabu alimwondoa mikono taratibu, akalifunga sanduku, akalikalia.

"Andika," akasema.